Kwa vijana wachoraji wanaoitamani kamera

Wanangu mnaochora picha za mtindo wa tingatinga pale Morogoro Stores, nanyi mnaopanga picha zenu Mwenge, huku Dar es Salaam, nawasalimu.

Siku hizi nikipita naona simu imesimamishwa juu ya stuli, imeelekezwa kwenye ubao, na mchoraji anaongea kuliko anavyochora. Sina ugomvi na hilo. Anayetaka kuwa mtu wa televisheni na awe, ila kwanza amjue Bob Ross, mchoraji aliyepata jina kwa kuchora kwenye televisheni.

Huyu alikuwa mwanajeshi wa anga wa Marekani kwa miaka 20. Akafundishwa na Bill Alexander, mchoraji wa televisheni, kupaka rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Mwaka 1983 akaanza kipindi chake, na hadi 1994 alikuwa ametoa vipindi 403, kila kimoja nusu saa, picha imekamilika. Watazamaji wakaona kipaji tu. Kumbe kila picha aliichora mara tatu: ya kwanza mapema, akaiweka pembeni kamera isikofika ili awe anaichungulia, ya pili mbele ya watu, ya tatu baadaye, kwa utulivu, kwa ajili ya kitabu. Nyie mnawasha simu hata hamjajua mkia wa chui utaishia wapi! Na msimuige mkono. Rangi zetu za mikebe hazitaki haraka. Ukitia madoa kabla ya rangi ya chini kukauka, ubao umekwenda. Igeni maandalizi yake.

Sasa hela. Vipindi vile havikumlipa. Alikula kwa kuuza rangi, brashi na vitabu, na kwa kufundisha. Hata nywele zake zilikuwa za saluni, alizitia mawimbi ili asilipe kinyozi kila mara. Baadaye akazichoka, lakini sura yake yenye nywele hizo ilishachapwa kwenye bidhaa, akabaki nazo. Alipofariki mwaka 1995, biashara ikabaki kwa wabia wake, na kesi ya kudai haki za jina na sura yake, ambayo mwanawe alikuwa nyuma yake, ikashindwa mahakamani mwaka 2019. Hapo ndipo ninapotaka mkae muda mrefu.

Maana hata kwetu jina limemzidi mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, mwaka 1972 polisi wakamuua kwa risasi wakimdhania mhalifu. Miaka minne tu. Leo tingatinga inauzwa hadi Zanzibar, tena na watu waliozaliwa yeye akiwa kaburini. Wanafunzi wake walipokezana kazi mkono kwa mkono, na mwaka 1990 kukawa na chama cha ushirika. Bila hivyo sijui nyie mngekuwa mnachorea wapi.

Kwa hiyo akija mtu wa kituo cha televisheni au wa matangazo na karatasi, usisaini ukiwa umesimama. Uliza: jina langu la kisanii mnalitumia hadi lini? Sura yangu je? Nikifa? Jina la biashara lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla mwenzio hajalisajili, kazi zako zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na mteja akinunua picha, amenunua ubao ule. Kuichapa kwenye fulana ni mapatano mengine na bei nyingine.

Mkataba ukiwa wa Kiingereza kigumu, tafuta mwanasheria, hata kwa kuchangishana. Ukikwama kabisa, niletee baada ya alasiri. Miwani ninayo.