Kwa nini tunachora geji kwenye kanvasi badala ya kubandika GIF

Swali limerudi tena wiki hii, safari hii kwa hasira: "Mbona mnanitoza hela yote hiyo kwa kamshale kanakozunguka, na GIF zimejaa bure mtandaoni?" Mteja alihisi tunampiga. Tunamjibu hapa kwa kuwa hayuko peke yake. Kamshale hako ni ka geji, yaani kipimo cha duara kwenye skrini ya programu, na tunakachora kwenye kanvasi, yaani eneo la skrini ambalo programu yenyewe huchora kwa msimbo.

Simu nyingi huonyesha fremu 60 (picha moja moja zinazojenga mwendo) kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu ina takriban milisekunde 16.7 tu. Kwenye skrini ya hezi 120, yaani fremu 120 kwa sekunde, ni 8.3. Programu ikichelewa, fremu inarukwa na mshale unashtuka.

GIF ina rangi 256, na haina nusu uwazi (kila pikseli inaonekana yote au haionekani kabisa), ndiyo maana duara lake huota meno pembeni. Tena inacheza mkanda wake tu. Haiwezi kusimama kwenye 43 kwa sababu tangi limefika 43. Hapo wengine hukimbilia mfululizo wa PNG, yaani picha tuli nyingi zinazoonyeshwa moja baada ya nyingine. Haya, tupige hesabu: picha ya pikseli 500 kwa 500 ikifunguliwa hula baiti 4 kwa kila pikseli, yaani megabaiti 1. Zikiwa 120, ni megabaiti 120 kwa geji moja! Tuliwahi kuletewa programu ya matangi ya maji iliyojengwa hivyo. Kwenye simu ya bosi ilikwenda laini; kwenye simu za bei nafuu za mafundi wake ikawa inajifunga yenyewe. Ilibidi tuifumue, naye akalipia kazi moja mara mbili.

Sisi uso wa geji, yaani namba, alama na kivuli, tunauchora mara moja na kuuhifadhi. Kinachochorwa upya ni mshale peke yake. Brashi na mistari tunaiandaa mapema, kamwe si ndani ya onDraw (sehemu ya programu ya Android inayoitwa kila mchoro unapochorwa upya), maana kila kinachoundwa humo ni takataka ambayo simu italazimika kuizoa katikati ya mwendo. Kivuli chenye ukungu ndicho mla muda mkubwa. Kuna kazi tuliyoirithi, kivuli kikichorwa upya kila fremu. Tulipokihifadhi tu, mtikisiko ukaisha.

Kitufe kinachobadilika rangi hakihitaji yote haya, wala hatukutozi hivyo. Na chati ya wavuti yenye maumbo machache, SVG (picha inayoelezwa kwa maumbo badala ya pikseli) inatosha. Nukta zikifika maelfu ndipo tunahamia kanvasi.

Bei yetu inajumuisha kupima kwenye simu dhaifu. Tuletee ile duni kuliko zote wanayotumia watu wako, kabla hatujakupa makadirio.