Yah: Malalamiko kuhusu mlivyotuonesha The SpongeBob Musical

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Nawaandikia kulalamikia namna mlivyoirusha kwenye televisheni The SpongeBob Musical, tamthilia ya jukwaani yenye nyimbo iliyotokana na katuni ya SpongeBob, yule sifongo wa chini ya bahari, Jumamosi iliyopita alasiri. Mimi ni mteja wenu, huu mwaka wa sita. Ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Jambiani, Kusini Unguja, na ni mlezi wa klabu ya maigizo ya skuli yetu. Nimeshapiga simu mara tatu. Kila mara nimepewa namba ya malalamiko, na mara ya tatu nikatumiwa ujumbe kwamba tatizo langu limetatuliwa. Halijatatuliwa, ndiyo maana leo nimekaa kitako kuandika.

Kwa wiki nzima mlitangaza kwamba tamthilia hiyo itaoneshwa yote, bila kukatizwa, kwenye kifurushi cha juu. Mimi hulipia kifurushi cha kati. Nikaongeza Sh. 18,000 kwa ajili ya siku ile moja, nikawaambia watoto wa klabu waje nyumbani. Wakaja kumi na wanne, wamekoga, wengine wamevaa nguo zao za Idi. Niliondoa viti vyote sebuleni, nikatandika mikeka miwili, na mama mmoja akatuletea sinia la visheti. Kwa watoto wale ilikuwa ni kwenda ukumbini. Jambiani hatuna ukumbi wa tamthilia, na kati yao hakuna aliyewahi kukaa mbele ya jukwaa lenye taa na wapiga muziki.

Sikuichagua tamthilia hii ovyo. Watoto wangu wanatengeneza igizo lao kuhusu kina mama wa mwani, na kila siku wananiambia: mwalimu, hatuna mavazi, hatuna vifaa. Nilitaka waone kazi ya David Zinn, aliyebuni jukwaa na mavazi ya tamthilia hii. Mji wa chini ya bahari aliujenga kwa vitu ambavyo mtu anaweza kuviokota nyumbani au ufukweni: miavuli ikawa yavuyavu, sponji ndefu zile za kuchezea kwenye bwawa la kuogelea zikawa matumbawe. Tamthilia ilipofika kwenye tuzo za Tony, zile tuzo kubwa za maigizo ya jukwaani Marekani, mwaka 2018 iliteuliwa mara 12, na tuzo moja iliyoipata ni hiyo ya ubunifu wa jukwaa. Kwa mwalimu asiyekuwa na bajeti, somo gani lingine ningelitafuta?

Tena watoto wa hapa kwetu wanamjua sifongo kuliko watoto wengi duniani. Mama wa mmoja wao analima sifongo papa hapa Jambiani. Anazitundika kwenye kamba baharini, anazisafisha maji yakitoka, anazisubiri miezi mingi kabla ya kuvuna. Basi mtoto yule alipomwona Ethan Slater, aliyemwigiza SpongeBob, anaingia jukwaani na shati la manjano, tai nyekundu na suruali ya miraba, bila gamba lolote la sponji mwilini, aliuliza kwa sauti: "Mwalimu, sasa sifongo iko wapi?" Nikamwambia amtazame anavyotembea, amsikilize sauti yake. Baada ya dakika tano mtoto mwenyewe akasema: "Ndiye." Hapo nikaona pesa yangu imerudi. Kwa bahati mbaya haikuchukua muda mkaichukua tena.

Kosa la kwanza ni ule ukanda wenu mwekundu unaopita chini ya kioo. Ulikuwa unatangaza michezo ya kubeti, katika kipindi cha watoto, saa kumi za alasiri. Hilo peke yake lingetosha kuandikiwa barua. Lakini nawaomba mfikirie ulipita wapi.

Katika tamthilia hii Squidward, jirani wa SpongeBob, ana miguu minne. Gavin Lee, aliyemwigiza, amevalishwa suruali yenye miguu miwili ya ziada nyuma ya miguu yake mwenyewe, yote minne ina viatu, na anapocheza, ile ya nyuma inafuata ya mbele. Kisha kinakuja kile kipande chake kikubwa. Squidward ni mtu aliyeitwa "bure", yaani asiye na maana, tangu utotoni, na neno hilo bado linamchoma. Siku inafika anakataa kuitwa hivyo. Anaimba kwamba yeye si wa kushindwa, na anaicheza ile ngoma ya viatu vyenye chuma kwenye soli, kwa miguu yote minne, huku nyuma yake kuna wachezaji waliovaa kama maua ya baharini. Kundi la They Might Be Giants ndilo lililotunga wimbo huo. Kila kitu katika kipande kile kiko miguuni. Ucheshi uko miguuni, uchungu uko miguuni, ufundi wa mchezaji na wa mshonaji wa ile suruali uko miguuni.

Na ukanda wenu ulifunika kuanzia magotini kushuka chini. Ulikaa pale wimbo mzima.

Mtoto mmoja wa darasa la nne alilala kifudifudi, akaweka shavu lake kwenye mkeka, akawa anachungulia kwa chini. Alidhani akiinama vya kutosha ataona chini ya ule ukanda. Wenzake wawili wakamfuata. Niliwatazama watoto watatu wamelala chini wanatafuta miguu ya msanii, na sikuwa na la kuwaambia. Ndugu Meneja, ningependa aliyeuweka ukanda ule aione picha hiyo.

Kosa la pili ni mlio. Kila ukanda ulipoingia, ulikuja na mlio wa kengele. Kwa vipindi vingine huenda mtu asiujali. Kwa tamthilia hii ni kuharibu kazi ya mtu. Ilipokuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kulikuwa na fundi wa milio, Mike Dobson, aliyekaa kando ya jukwaa watu wanamwona, na kila mhusika alipotembea au kuanguka yeye ndiye aliyemtolea mlio wake kwa vyombo vyake, papo hapo. SpongeBob akipiga hatua, viatu vinalia. Ndivyo katuni ilivyoletwa jukwaani: kwa mwili wa mwigizaji na mkono wa fundi. Watoto wangu nilikuwa nimeshawaambia wasikilize milio. Basi kengele yenu ilipolia, wakaanza kuulizana ni ya nani: ya Patrick au ya Plankton? Walikuwa wanasikiliza kwa makini kama nilivyowafundisha, na walichokipata ni tangazo la kubeti.

La tatu limenikaa moyoni zaidi. Mlisema bila kukatizwa. Mlikatiza mara tano, na mara nne kati ya hizo ilikuwa katikati ya wimbo. Naelewa kwamba televisheni inaishi kwa matangazo. Lakini tamthilia ya jukwaani ina sehemu zake za kupumzika, onesho moja linaisha, jingine linaanza, taa zinazimwa na kuwashwa. Mtu akiitazama mara moja tu na kalamu mkononi, atapata mahali pa kuweka tangazo bila kumuumiza mtu. Kwenu mkasi ulifuata saa ya ukutani.

Hadithi yenyewe ni ya mlima wa moto unaokaribia kulipuka na kuuteketeza mji wa Bikini Bottom. Watu wanaingiwa na hofu, na hofu inatafuta wa kumlaumu. Wanamlaumu Sandy, yule kindi mwenye elimu ya sayansi, kwa sababu yeye ni mnyama wa nchi kavu, si wa baharini. Anayejua namna ya kuwaokoa ndiye wanayemfukuza. Darasani kwangu kuna mtoto aliyehamia kutoka bara mwaka huu, baba yake amekuja kufanya kazi hotelini. Wenzake wanamwita Mbara, na mimi nimeshakemea mpaka nimechoka. Watu wa Bikini Bottom walipoanza kumgeukia Sandy, sebule yangu ilinyamaza. Visheti viliachwa. Mtoto yule alikuwa amekaa mwisho wa mkeka karibu na mlango, na niliwaona wawili wanageuka kumtazama, kisha wakatazama chini.

Likaingia tangazo la sabuni ya unga. Baada yake, tangazo la mikopo ya simu. Baada yake, tangazo la kifurushi chenu chenyewe. Tuliporudi tulijikuta mbele zaidi, kwa sababu mchezo ulikuwa haukusimama kutusubiri. Kipande kilikuwa kimerukwa. Na ile hali sebuleni ilikuwa imeshaondoka. Watoto walikuwa wanaimba wimbo wa sabuni.

Mwishoni mkamalizia kwa kukata. Waigizaji hawakupewa hata nafasi ya kurudi mbele kuwainamia watazamaji. Ghafla tukaletewa uchambuzi wa mpira. Majina yalipita kwenye kidirisha kidogo pembeni, hayasomeki. Mimi huwafundisha watoto kwamba igizo halijaisha mpaka waliokuwa nyuma ya pazia wametajwa: aliyeshona, aliyepiga ngoma, aliyewasha taa. Walikuwa na madaftari yao tayari kuandika majina hayo. Ikabidi niwatajie niliyoyakumbuka: Tina Landau aliyeongoza, Kyle Jarrow aliyeandika, Tom Kitt aliyezipanga nyimbo za watunzi wengi tofauti zisikike kama kitu kimoja, Christopher Gattelli aliyepanga michezo ya mwili. Na nikawataja marehemu Stephen Hillenburg, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya bahari kabla ya kuibuni katuni yenyewe, aliyefariki Novemba 2018, miezi miwili baada ya tamthilia kufungwa pale Palace Theatre.

Nilipowapigia simu, kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, sina la kumlaumu kwa lugha yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwalimu, samahani, lakini si katuni tu ya watoto?" Nilipoingia kwenye ratiba yenu nikaona ndivyo mlivyoiandika: Katuni, SpongeBob. Nadhani makosa mengine yote yametokea hapo. Mtu kwenu ameona jina, akaiweka kwenye fungu la vipindi vya kujazia alasiri, na mashine ikafanya yaliyobaki.

Si katuni. Ni binadamu waliofanya kazi hii kwa miaka. Ethan Slater aliingia kwenye mazoezi ya awali mwaka 2012 akiwa bado mwanafunzi wa chuo. Wakaijaribu Chicago mwaka 2016, wakaifungua Broadway tarehe 4 Desemba 2017, wakaifunga tarehe 16 Septemba 2018. Rekodi mliyoirusha ilipigwa mwaka 2019 huko Plymouth, Uingereza, kwenye jumba la Theatre Royal, baada ya pazia la New York kuwa limeshateremshwa, na ikaoneshwa Marekani mara ya kwanza tarehe 7 Desemba mwaka huo. Wenzetu wa huko wanaweza kwenda ukumbini. Sisi wa Jambiani ukumbi wetu ni hicho king'amuzi chenu. Mkikikata kipande, hatuna pengine pa kukiona.

Na hata ingekuwa katuni, kwani mtoto akitazama katuni hastahili kuiona miguu?

Naomba mfanye mambo haya. Irusheni tena tamthilia yote, siku ya mapumziko, saa ambayo watoto wako nyumbani, bila ukanda na bila kengele, matangazo yakae mwanzoni na pale sehemu ya kwanza inapokwisha, na majina yaachwe yapite kwa ukubwa wake. Matangazo ya kubeti yaondoeni kabisa kwenye vipindi vya watoto. Hili silihusishi na Sh. 18,000 zangu, ni haki ya kila mzazi. Kwenye ratiba andikeni kwamba ni tamthilia ya jukwaani. Pesa niliyoongeza mnirudishie kama mtashindwa kuirudia, lakini mkiirudia vizuri sitaidai hata senti.

Nimewapa siku 21 kunijibu kwa maandishi. Zikipita bila jibu nitaipeleka barua hii TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na zile namba tatu za malalamiko na picha nilizopiga kwa simu, zinazoonesha ukanda ukiwa juu ya miguu ya Squidward. Sipendi kufika huko. Nimekaa nanyi miaka sita, na mafundi wenu walionifungia dishi baada ya upepo wa kusi kuliangusha walinihudumia vizuri, nawashukuru hadi leo.

Mkipanga siku ya kuirudia, nijulisheni wiki moja kabla. Yule wa darasa la nne ananiuliza kila asubuhi kama nimeshaiona miguu, na mikeka bado nimeikunja pembeni ya mlango.

Wenu katika huduma,

Mwalimu mlezi, Klabu ya Maigizo,
Jambiani, Unguja.