Risala ya wanafunzi wa klabu ya karti kwa mgeni rasmi, Lubumbashi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Prefe mkuu wa shule yetu, walimu wetu, baba na mama zetu mliofika, karibuni sana.

Sisi ni wanafunzi 14 wa mekanika, tunaotengeneza karti, yaani kigari kidogo cha mashindano. Mwaka jana tulichanga pesa tukanunua injini ya pikipiki ya abiria iliyokwisha kufa, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 125, tukaifufua ili isukume karti yetu. Hatukuona haya kuanzia hapo. Karti ya kwanza, aliyoitengeneza Art Ingels kule California mwaka 1956, ilisukumwa na injini ya mashine ya kukatia nyasi. Na ujazo wa injini yetu ni ule ule wa karti za mashindano za daraja la KZ, zenye gia sita, ambazo dereva Max Verstappen alitwalia ubingwa wa dunia mwaka 2013 akiwa na miaka 15. Mwaka 2015 alikuwa Formula 1, ngazi ya juu ya mbio za magari. Nguvu za injini za KZ ni mara kadhaa ya yetu, tunajua.

Kilichotufunza zaidi ni kosa. Fremu ya kwanza tuliichomelea kwa mabomba manene, tukidhani ndiyo uimara. Kwenye kona karti ikagoma kugeuka, ikaingia majanini. Tulihangaika wiki tatu. Karti haina difu, ile gia inayoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti: magurudumu ya nyuma yamekazwa kwenye ekseli moja, yanazunguka sawasawa, ilhali kwenye kona la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Ili igeuke, lazima la ndani linyanyuke kidogo. Springi hakuna, kinachosaidia kulinyanyua ni fremu yenyewe kujipinda. Yetu ilikataa kupinda. Tukaikata yote, tukaanza upya kwa mabomba membamba.

Mheshimiwa, njia ya dereva ni nyembamba na ya gharama: karti tangu utotoni, Formula 4 kuanzia miaka 15, kisha Formula 3 na Formula 2. Dereva wa Formula 1 Lewis Hamilton alianza karti na miaka minane, na baba yake alishika kazi zaidi ya moja ili mtoto aendelee. Miongoni mwetu yuko binti mmoja anayetaka usukani, nasi tunamwamini. Wengine tunataka spana: kila timu kubwa ina mamia ya mafundi na wahandisi, na kazi yao ndiyo ile tuliyoionja kwenye fremu.

Shida zetu ni hizi. Kofia ngumu tunayo moja. Matairi ni ya toroli, hayashiki lami. Uwanja hatuna, na barabara ya Kasumbalesa kwa malori yale hatuthubutu hata kuisogelea. Tunakuomba kofia nne, seti moja ya matairi ya karti, na ruhusa ya kutumia maegesho ya malori yako Jumapili asubuhi, yakiwa matupu.

Karti iko nje, chini ya mwembe. Tunaomba uwe wa kwanza kuiwasha leo.

Asante.

Wanafunzi wa klabu ya karti