Punda hana nafasi katika khutba zetu?

Mhariri,

Jirani yangu hapa Langoni, Lamu, kanicheka: mzee mzima nabembeleza punda badala ya kushika tasbihi. Alinikuta baada ya swala ya alfajiri nikimkuna nyuma ya masikio. Anapenda hapo kupita kiasi. Mdomo wa chini humlegea, akaniegemea mpaka nikashika ukuta.

Jirani ni mtu wa vitabu, hivyo alikuja na hoja. Surat Luqman imesema sauti mbaya kuliko zote ni ya punda. Tena hadithi sahihi inatuamrisha tujikinge kwa Mwenyezi Mungu tumsikiapo akilia, kwani amemwona shetani. Sipingi. Akilia usiku wa manane nami husema audhubillahi, kisha natoka kumtazama kama ana maji.

Ila mbona hakufika Surat An-Nahl, aya ya 8, ambapo farasi, nyumbu na punda wametajwa kuwa ni wa kupandwa na pia ni pambo? Mbona hakumtaja Ufair, punda aliyempanda Mtume (S.A.W.) akiwa amempakia Muadh bin Jabal nyuma yake? Na katika Sahihi Muslim, Mtume alimpitia punda aliyechomwa chapa usoni, akamlaani aliyemfanyia hivyo.

Mimi si sheikh. Ninachojua ni kwamba siku nikimvua shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, nikakuta kidonda pale kamba inapopita chini ya mkia, sijda yangu huwa nzito. Huyu hana ulimi wa kunishtaki, na Hakimu wake hahitaji kuambiwa. Khofu ile sijaipata katika mawaidha ya mtu yeyote, na mawaidha nimesikia mengi.

Vichochoro vyetu havipitishi gari. Mawe, saruji na mchanga wa misikiti yetu vimepanda juu ya mgongo wa punda. Lakini Ijumaa kwa Ijumaa tunahimizwa sadaka na malezi, wakati mwingine hata siasa (hiyo haikosi nafasi!), na yeye hatajwi.

Nawaomba makhatibu wamtengee hata dakika tano. Nanyi vijana mnaoshusha mchanga majahazini, mvueni shogi adhuhuri, jua likiwa kali. Kliniki ya punda ipo hapo hapo mjini na haitozi matibabu. Mpelekeni kidonda kikiwa kidogo.

Mwenye punda,
Langoni, Lamu