Diski zetu hazikuibwa: malalamiko kuhusu huduma yenu ya hifadhi ya data

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: MFANYAKAZI WETU KUSINGIZIWA WIZI KWA SABABU YA SAIZI MBOVU ILIYOONYESHWA NA MFUMO WENU

Nakuandikia kwa heshima, ingawa sina hakika kama heshima hiyo itanifikisha mwisho wa barua.

Mkataba mnaujua, mliuandika wenyewe. Utaratibu wenu wa kupokea tiketi za malalamiko na kuzifunga mnaujua pia. Nitaanzia Jumanne.

Jumanne asubuhi mhandisi wenu alisimama mlangoni pa chumba chetu cha seva hapa Shimanzi, akaitazama simu yake, kisha akamwambia mkurugenzi wetu mbele ya wafanyakazi: "Diski hazijipunguzi zenyewe. Muulizeni mwenye ufunguo." Mwenye ufunguo ni mzee wetu wa zamu. Alikuwa papo hapo, kwa sababu ndiye aliyetoka kumfungulia mlango.

Kilichompa mhandisi wenu ujasiri huo ni namba moja tu. Mlipotupandishia toleo la GlusterFS, programu inayounganisha diski za seva kadhaa ziwe hifadhi moja, volyumu (ndiyo hiyo hifadhi moja) iliyokuwa ikisoma 30T, yaani terabaiti 30, ikaanza kusoma 7.3T. Tuna seva tatu, kila moja ina diski nne za TB 8, na kila faili linawekwa nakala tatu. Jumla ghafi ni TB 96, na za kutumika ni TB 32, ambazo amri ya df, inayoonyesha ukubwa wa hifadhi na kiasi kilichotumika, huziandika 30T kwa kuwa inahesabu kwa 1024. Hayo hatukuhitaji kufundishwa, lakini ndiyo tuliyofundishwa kwenye simu: eti watengenezaji wa diski huhesabu kwa elfu na kompyuta haihesabu hivyo. Tofauti hiyo hula kama asilimia 9. Sisi zilikuwa zimetupotea robo tatu. Nilipolisema hilo, nikaambiwa basi ni zile nakala tatu. Nakala tatu zimo ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza! Jibu lililofuata halikuwa la kiufundi hata kidogo. Ilikuwa kotesheni ya diski mpya.

Na arbuni tukalipa. (Hii ilikuwa kabla ya Jumanne, nimeruka, mtaniwia radhi.) Tulilipa kwa hofu. Sisi ni mawakala wa forodha, na kontena likishashushwa Kilindini haliwezi kungoja mtu atafute pa kuweka stakabadhi zake. Muuzaji aliyetuona tumeshikwa na hofu akatufungulia kitabu cha bei badala ya kufungua seva, sijui anaitwaje katika taratibu zenu.

Sasa tazameni kilichokuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Amri ya df ilisema volyumu ni 7.3T na zilizotumika ni 5.3T. Amri ya du, inayojumlisha mafaili yenyewe, ilisema mafaili ni 21T. Pipa zima la maji limekaaje ndani ya kikombe? Halafu asilimia ya matumizi haikuguswa: ilikuwa 73 kabla ya kupandisha toleo, ikabaki 73 baadaye. Ukichomoa diski tisa kati ya kumi na mbili, hesabu haiwezi kubaki tulivu namna hiyo. Na mngeandika gluster volume status, mkaongeza jina la volyumu na neno detail, mngeziona briki zote kumi na mbili (briki ni kipande kimoja cha volyumu, kwetu diski moja) ziko hewani, kila moja na 7.3T zake, ndizo TB 8 za diski. Ni amri moja. Haihitaji hata kuingia chumbani.

Sababu imegunduliwa na kijana wetu wa TEHAMA, si na nyinyi mnaolipwa kila mwezi. Kuanzia toleo la 3.12, Gluster huangalia kama briki kadhaa zimekaa kwenye mfumo mmoja wa mafaili, na zikiwa hivyo huugawa ukubwa ili usihesabiwe mara mbili. Idadi ya briki zinazochangia mfumo mmoja huandikwa kwenye mafaili ya volyumu, yale yenye mipangilio yake, kwa jina la shared-brick-count. Kila briki yetu ina diski yake na mfumo wake wa mafaili, kwa hiyo kwa briki za seva husika panatakiwa pasomeke 1. Baada ya kazi yenu palisomeka 4. Programu ilipoteza vitambulisho vya mifumo ya mafaili, ikaziona diski nne kuwa moja, ikagawa kwa nne kila kitu, ukubwa na matumizi, ndiyo maana asilimia haikusogea. Kijana alitumia grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, kwenye /var/lib/glusterd/vols akaikuta. Aliweka hati fupi ya amri (script) kwenye folda ya Gluster iitwayo filter, ya kuandika 1 kila mafaili hayo yanapotengenezwa upya, 30T ikarudi, na hakuna skrubu iliyofunguliwa. Hitilafu hii imejadiliwa hadharani angalau tangu mwanzo wa 2018. Kwa nini mtupandishe kwenye toleo la 3.12 lililotoka 2017, hilo nalo nataka jibu lake.

Narudi Jumanne, kwa sababu Jumanne hainitoki. Mhandisi wenu hakuingia chumbani. Ufunguo ulikuwa bado umening'inia kitasani, mlango wazi, feni za seva zinavuma, taa za diski zote kumi na mbili zinamwekamweka mbele ya macho yake. Angenyoosha kidole tu na kuzihesabu. Kidole alikinyoosha kweli, lakini kwa mzee. "Muulizeni mwenye ufunguo." Hakumwamkia alipofika, hakushusha sauti aliposema. Mzee alimjibu, "Mwanangu, hizo si hizo hapo?" Mwanawe huyo akacheka, akarudi kwenye simu yake. Kuanzia jioni hiyo mzee akawa anapekuliwa mkoba langoni kila akitoka, na Mombasa ni mji mdogo: habari ilitangulia Majengo kabla yeye hajafika kwake.

Ninachotaka ni hiki. Barua ya kumwomba radhi mzee, kwa jina lake, yenye sahihi yako, iletwe na mhandisi huyo huyo na isomwe mbele ya watu wale wale waliosikia. Arbuni irudishwe yote. Ripoti ya kiufundi inayokiri kwamba kosa lilitokana na kazi yenu.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini leo asubuhi, nikiandika barua hii, nimepokea ujumbe kwamba tiketi yetu imefungwa, sababu: "mteja apanue hifadhi." Basi naongeza. Ada ya mwezi huu hatulipi. Mhandisi huyo asikanyage tena Shimanzi ila kwa kuomba radhi. Na nywila zote za usimamizi mlizobaki nazo mtukabidhi.

Mna hadi Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo arbuni tutaidai katika Mahakama ya Madai Madogo. Haifiki shilingi milioni moja, kwa hiyo inaingia humo bila shida. Suala la kumchafulia mzee jina litashughulikiwa na wakili, kando na dai hilo, na mashahidi ninao ofisi nzima. Matokeo ya df, ya du na yaliyokuwa ndani ya mafaili ya volyumu kabla hatujayasahihisha tumeyahifadhi, nakala tatu.

Wako,

Mkuu wa TEHAMA,
Shimanzi, Mombasa.

Nakala: Mkurugenzi, Wakili wa kampuni, Mzee wa zamu.