Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Nirudishieni simu, ama nishtakini

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazostahili ofisi yako. Nimekawia kuandika kwa sababu niliambiwa nisubiri, nami nikasubiri hadi subira yenyewe ikanichoka.

Ijumaa iliyopita baada ya Isha, askari kanzu waliingia kwetu Majengo, Mombasa, wakamchukua kijana wa jirani, fundi cherehani, pamoja na simu yake. Tukaambiwa ametukuza ugaidi. Kwa neno gani? Kimya. Wako wasemao ni video aliyotumiwa. Wengine wasema aliuliza kwenye grupu, wale wanaopigwa risasi wakiitwa magaidi bila kufika kortini, huwa ni nani anayehakikisha? Mimi nadhani ni hilo la pili, lakini kudhani ndiyo kazi tuliyoachiwa. Leo Jumatano, mamake bado hajui yuko kituo gani.

Simu yangu ilikwenda kabla ya yake. Mimi ni mpishi wa mahamri na viazi karai, na harusi zikija napika biriani. Katika grupu letu la wapishi mtu alituma video mbaya, nikajibu "Astaghfirullah", video ikafutwa. Tangu lini astaghfirullah ikawa sifa? Kituoni niliiona simu kwa macho yangu ndani ya bahasha ya kaki, pembe ya kava yake ya maua imechungulia, chini ya kaunta karibu na birika la chai. "Bado inachunguzwa, mama." Laini nimeirudisha, sawa. Lakini oda na madeni nilikuwa nikiyarekodi kwa sauti alfajiri, mikono ikiwa kwenye unga, na yote yamo humo. Wadeni wangu wameingiwa na usahaulifu wa ajabu. Karo ya muhula huu nimekopa. Na wateja wakubwa wameanza kuniamkia kwa mbali, maana nani anataka biriani ya gaidi?

Usinifundishe uchungu, Mheshimiwa. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Tuliwalilia hapa kama walivyolia kwao. Anayeita watu waue, mfungeni. Hata Kifungu cha 33 cha Katiba, kile cha uhuru wa kusema, hakimkingi mchochezi. Ninachouliza ni mpaka uko wapi.

Maana swali hili lina jibu la korti. Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria za usalama kwa vurugu, wabunge wakikunjana mashati, na kesho yake Rais akatia sahihi. Kifungu cha 30A kilimpa hadi miaka 14 jela yeyote atakayesema neno "linaloweza kueleweka" kuwa linahimiza ugaidi, hata kwa kuzunguka. Kueleweka na nani? Na afande aliyeamka vibaya? Cha 30F kilitaka habari inayovuruga operesheni isitangazwe bila idhini ya polisi: faini hadi milioni 5, ama jela hadi miaka 3, ama vyote. Mahakama Kuu ilivifuta vyote viwili tarehe 23 Februari 2015. Mlango ukafungwa, mkarudi kwa dirishani: Oktoba 2025 ikatiwa sahihi sheria nyingine ya mitandao, kamati ikapewa uwezo wa kuamuru tovuti na programu zifungwe kwa kueneza ugaidi. Huku mtaani hatuoni kamati wala kifungu. Twaona gari lisilo na nambari.

Na siku mtakapotunga sheria ya wanaokana ugaidi, tafadhali anzeni na mafaili yenu. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na viunga vyake, al-Shabaab wakajitaja wenyewe, na Rais wa wakati huo akaliambia taifa si wao, ni mitandao ya siasa ya wenyeji. Duka la Westgate, Nairobi, liliposhambuliwa, tuliambiwa ule moshi ni wa magodoro. Wanajeshi wetu walipouawa El Adde, Somalia, Januari 2016, idadi yao haikutangazwa. Aliyekamatwa ni mwanahabari aliyeandika. Wakubwa waliokana hawakunyang'anywa simu.

Ramadhani iliyopita mkubwa mmoja wa serikali alikuja barazani kwetu. Tukamfuturisha, akala mahamri yangu, akafungiwa na ya nyumbani. Akaahidi mbele ya wazee kuwa hakuna simu itakayochukuliwa bila karatasi, wala kukaa bila sababu. Wazee wale wako hai. Mwiteni, muulizeni.

Kwa hivyo sikuombi fidia, wala msamaha, wala kikao kingine cha chai na soda. Mamake yule kijana aambiwe mwanawe yuko wapi. Nami nataka simu yangu. Kama haitoki, basi nipeni karatasi iliyoandikwa neno nililolisema na kifungu nilichokivunja, niende nikajibu mbele ya hakimu. Simu ama karatasi, Mheshimiwa. Kituoni wananijua, na Jumatatu nitakuwa pale kaunta tena.

Wako mtiifu,
Mpika mahamri, Majengo