Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawakaribisha Moshi, na nawashukuru hasa mliosafiri kutoka Arusha. Kazi iliyotuchukua muda mwingi mwaka huu ni ile mliyotukabidhi wenyewe: kutunga mchezo mpya wa mafumbo na wepesi wa vidole kwa ajili ya kompyuta ya ZX Spectrum, iliyotolewa na Sinclair huko Uingereza mwaka 1982. Mchezo umekamilika, na kaseti yake ya kwanza, ambayo kompyuta hupakia mchezo kutoka humo, ipo mezani.

Mchezaji ni mlinzi wa mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga wa kumwagilia, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Hufungua na kuziba mifereji ili maji yafike katika kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, kabla zamu haijaisha, huku mawe yakiporomoka na kingo zikibomoka pale anapochelewa.

Naomba nieleze uamuzi mmoja kwa kirefu, kwa kuwa ulizua ubishi mkali. Skrini ya Spectrum ina nukta 256 kwa 192, lakini rangi zake hupangwa kwa miraba ya nukta nane kwa nane, na mraba mmoja haubebi zaidi ya rangi mbili. Baadhi ya wajumbe walitaka mlinzi atembee nukta moja moja ili aonekane laini. Matokeo yake, kila alipopita kando ya migomba, majani yaligeuka rangi ya shati lake. Nilipinga tangu mwanzo, na nafurahi kwamba hatimaye tulikubaliana kila kitu kisogee mraba kwa mraba. Hapo ndipo kijana wetu anayeandika kwa lugha ya mashine alipoona kwamba zile baiti 768 za kumbukumbu zinazotunza rangi, moja kwa kila mraba, zinaweza kuwa ndiyo ramani yenyewe ya mchezo: programu ikitaka kujua kama mahali pana maji au udongo, husoma tu rangi ya mraba huo. Kwa mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48, hiyo ni akiba kubwa, na kwangu mimi ndiyo kazi nzuri kuliko zote tulizofanya.

Ikabaki kasi. Prosesa ya Z80, chipu inayoendesha kompyuta hiyo, hupiga megahezi 3.5, na kukagua miraba yote kila picha ya skrini ilipochorwa kulifanya maji yashuke kwa kusitasita. Sasa programu huandama ncha za maji peke yake, yaani miraba yaliyoifikia punde, na mfereji hutiririka vizuri.

Tulipata hasara moja. Kompyuta ya pili ya chama iliharibika chipu za kumbukumbu baada ya kuchomekwa adapta ya kawaida ya volti 9. Spectrum hutaka hasi iwe katikati ya plagi, ilhali adapta nyingi za siku hizi huweka chanya hapo. Tafadhali someni mchoro ulio kwenye adapta kabla ya kuchomeka chochote.

Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina.

Kamati inaomba idhini ya mkutano huu kurekodi kaseti nyingine, na inawaomba wenye redio za kaseti zinazofanya kazi wazilete Jumamosi ijayo, zikiwa zimesafishwa vichwa, ili kila nakala ijaribiwe kwenye mashine halisi kabla ya kutolewa kwa mwanachama.

Mwenyekiti